Kadi ya Dada Mkubwa na Shuka za Mama Yake

Kazi yetu ni shuka. Hospitali ina vitanda mia mbili na arobaini, na kila asubuhi vitanda hivyo huvuliwa, vikitapikiwa huvuliwa tena mchana. Mikokoteni hushuka kwa lifti ya mizigo hadi kwetu, chumba cha kufulia, kule chini kabisa karibu na jenereta. Kuna joto la mvuke mwaka mzima. Wageni wakishuka kutafuta mtu husimama mlangoni, hawaingii.

Huko ndiko nilikomjua Dada Mkubwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye orodha ya mishahara tu. Msimamizi alimwita Dada Mkubwa, madaktari walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Kwao alikuwa wa kwanza kuzaliwa, na hilo lilikuwa limemkaa usoni kama kazi ya pili. Nilipoajiriwa, yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu pale. Tukapangwa pamoja kwenye meza ya kukunjia, kwa sababu shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja: huyu anashika ncha huku, yule kule, mnavuta, mnaikung'uta mara moja, mnakutana katikati. Ukikutana na mtu hivyo mara mia tatu kwa siku, kwa miaka tisa, utajua mambo yake bila kuuliza.

Kwa hiyo najua habari ya kadi toka mwanzo.

Watu wa benki walikuja hospitalini wakati wa chakula cha mchana. Waliweka meza ndogo chini ya mwavuli, karibu na geti la wafanyakazi, na mbele ya meza wakaweka viti viwili. Dada Mkubwa alikuwa amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Aliniambia baadaye kwamba aliketi kwa ajili ya kiti.

Binti wa benki akamuuliza anapokea mshahara wapi, kiasi gani, ana miaka mingapi kazini. Akamjazia fomu. Akamweleza kwamba hii si ile kadi ya kutolea pesa zako mwenyewe kwenye mashine. Hii ni kadi ya mkopo: unanunua kwa pesa ya benki, mwisho wa mwezi unaletewa hesabu, ukiilipa yote kabla ya tarehe hakuna riba.

"Na nisipoilipa yote?" akauliza.

"Unalipa kidogo, mama. Kuna kiwango cha chini. Haina shida."

Akasaini, akapewa kalamu ya bure, akarudi kwenye mvuke.

Kadi ilipokuja ilikuwa na kikomo cha laki tisa. Mshahara wake ulikuwa laki nne. Aliisoma barua mara mbili, akasema, "Watu hawa hawajaniona nikitoka sokoni," akaitia kwenye bahasha ya makaratasi ya kliniki ya mama yake. Ikakaa humo miezi minne bila kuguswa.

Mama yake alikuwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, maneno yalikuwa yamebaki machache, na kibofu hakikumsikiliza tena. Walikaa wawili, vyumba viwili na kibaraza. Mchana jirani alimtazama kwa malipo kidogo. Shuka za mama zilikuwa nne kwa siku, siku mbaya sita. Dada Mkubwa alizifua kwa mkono kwenye beseni kabla ya kuja kazini, yaani aliamka saa kumi, akafua, akaanika, akamwogesha mama, akamlisha uji, kisha akaja kufua shuka za watu wengine mpaka jioni. Vidole vyake vilipasuka kwenye viungo. Alivipaka mafuta na kuvifunga plasta, plasta zikang'oka kwa maji.

Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mashine yetu kubwa, ile ya kilo sitini, anaitazama inavyozunguka. Mkokoteni ulikuwa unamngoja.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna. Naiangalia tu inavyofua bila kuugua mgongo."

Jumamosi ile akaitoa kadi kwenye bahasha, akaenda nayo dukani. Mashine ndogo ya nyumbani, kilo saba, ilikuwa laki sita. Muuzaji alitaka kumpa ya laki nane na nusu yenye vitufe vingi, akakataa. Alikuwa amefanya hesabu nyuma ya kopo la sabuni ya unga: laki moja kila mwezi, siku ya mshahara, na riba yake, kufikia mwezi wa saba imeisha. Angepunguza mboga na angeacha kuchangia kikundi chetu cha akiba cha kazini kwa muda. Ilikuwa hesabu nzuri. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba aliifanya kana kwamba anaishi peke yake duniani.

Mashine ikaletwa, ikawekwa kwenye kibaraza. Alivyonisimulia, alitia shuka za usiku, akafungua maji, akaleta kigoda, akaketi kuitazama mpaka ikamaliza. Dakika hamsini. Mama yake alisikia mlio kutoka kitandani, akauliza kwa yale maneno yake machache, "Nani anafua?"

"Hakuna mtu, mama. Inajifua."

Wiki hiyo alikuwa akilala mpaka saa kumi na moja. Sisi kazini tuliliona hilo usoni mwake kabla hajatuambia.

Alilipa laki ya kwanza. Akalipa ya pili. Kisha mdogo wake wa kiume akaja kumjulia hali mama.

Huyu alikuwa fundi wa makochi, mwenye karakana yake ndogo, mcheshi, asiye na mkono wa birika, ambaye shida yake ilikuwa kwamba alimwamini kila mteja aliyesema atalipa baadaye. Akaiona mashine. Akaizunguka. Akauliza imetoka wapi, na dada yake, ambaye hakujua kudanganya, akamweleza.

"Kumbe una kadi," akasema.

Alikuwa amepata zabuni ya kutengeneza upya viti arobaini vya ukumbi. Kitambaa alikuwa nacho, sponji hakuwa nayo. Laki mbili na nusu tu. Wakimlipa mwisho wa mwezi anarudisha zote na kumnunulia mama blanketi. Alimpaka dada yake mafuta kwa mgongo wa chupa jioni nzima, na dada yake akajua anapakwa, lakini aliwahi kumbeba mgongoni huyu, na mtu uliyembeba mgongoni si rahisi kumwambia hapana. Wakaenda pamoja kununua sponji.

Mwisho wa mwezi wenye ukumbi wakasema bado. Mwezi wa pili wakasema bado. Dawa za mama zikapanda bei, na kwenye taarifa ya benki kulikuwa na ule mstari mdogo: kiwango cha chini, elfu thelathini na nne. Alilipa hicho. "Niliuona mstari huo kama mtu aliyenihurumia," aliniambia.

Halafu akaja mdogo wake wa kike, kitinda mimba, mwenye watoto watatu na mume wa safari nyingi. Shule zinafungua, watoto hawana viatu. Aliomba kadi kwa saa mbili. Dada Mkubwa akampa, na namba ya siri akamwandikia kwenye kiganja. Kadi ilirudi na viatu jozi tatu, mikoba mitatu na pazia la sebule. Laki moja na ishirini.

"Pazia, mdogo wangu?"

"Dada, lilikuwa na punguzo."

Mwezi ule Dada Mkubwa alilipa kiwango cha chini tena, elfu arobaini. Lakini alichelewa siku tatu, kwa sababu mama alilazwa na hakukumbuka tarehe. Benki ikamtoza faini ya kuchelewa.

Mwezi wa tano alikuja kazini na taarifa ya benki ndani ya mfuko wa aproni. Tulipokuwa tunakunja, shuka ikawa inalegea upande wake. Nikamwambia tuketi. Tukaketi juu ya marobota ya mablanketi.

"Nisomee wewe," akasema. "Labda macho yangu."

Nikamsomea. Alikuwa amelipa jumla laki mbili na elfu sabini na nne. Mashine ilikuwa laki sita. Alikuwa anadaiwa laki saba na elfu tisini na mbili.

Hakulia. Alisema tu, "Sasa nimenunua nini?" Kisha mkokoteni wa wodi ya wazazi ukashuka na tukainuka.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya saa mbili, akaenda benki. Alimkuta kijana wa mikopo, amefunga tai, ana mafua. Dada Mkubwa hakuzunguka. Akaweka taarifa zote tano mezani, zimepangwa kwa tarehe, akasema, "Nieleze hii kadi kama unamweleza mama yako."

Kijana akapiga chafya, akazipitia. Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu.

"Riba ni asilimia tatu kwa mwezi, mama. Ukiwa unadaiwa laki nane, riba peke yake ni elfu ishirini na nne. Wewe ukilipa arobaini, ishirini na nne inaliwa na riba. Deni linapungua kumi na sita tu."

"Kwa hiyo kile kiwango cha chini?"

"Kile ni cha kutufanya sisi tusikusumbue. Si cha kumaliza deni. Ukilipa hicho tu, utaendelea kulipa mpaka mimi nistaafu."

"Yule binti alisema haina shida."

Kijana akatazama mlango, kisha akamtazama yeye. "Kwetu haina," akasema taratibu.

Dada Mkubwa akamuuliza akilipa laki moja na nusu kila mwezi itakuwaje. Kijana akaandika tena, mstari kwa mstari: miezi sita, kama hutanunua kitu kingine hata kibiriti. Akamshauri waandikiane pesa zikatwe mshahara unapoingia tu, kabla hajaziona, ili tarehe isimpite. Akamwambia abadili namba ya siri na asimpe mtu, hata mtoto wa tumbo moja. Dada Mkubwa akasaini. Laki moja na nusu kwenye mshahara wa laki nne, na mgonjwa ndani. Alirudi kazini akaomba zamu za Jumapili.

Lakini zamu hazikuwa ngumu kama kikao. Aliwaita wadogo zake, wakakaa chumbani kwa mama, yeye kwenye ukingo wa kitanda. Alichukua ile karatasi ya kalamu nyekundu akawawekea.

Fundi wa makochi akaisoma akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa. "Dada, yaani sasa unatuhesabia?"

"Nahesabu. Nimechelewa tu kuanza."

"Sisi ni ndugu."

"Ndiyo maana nimewaita hapa. Ningekuwa nadai watu baki ningepiga simu." Sauti yake ilikuwa ya chini, kwa ajili ya mama. "Sijakasirika. Nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Kadi hii haitanunua kitu tena mpaka iishe, sponji wala viatu wala nini. Anayetaka kuninunia aninunie, lakini aje siku moja kwa wiki amgeuze mama, mimi niende zamu."

Kitinda mimba ndiye aliyelia. Pesa hakuwa nazo, alisema, na ilikuwa kweli. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja saa kumi na mbili asubuhi na kanga ya kufungia kiunoni, na Jumatano akaja tena, na hakuacha. Kaka yake alilipa elfu arobaini miezi miwili, kisha akajitia hamnazo. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuirekebisha.

Mama alifariki mwezi wa tatu wa makato yale, asubuhi, Dada Mkubwa akiwa amemshika kikombe.

Tulikwenda wote wa chumba cha kufulia, kwa zamu. Nilikuwepo mjomba wao alipokuwa akipanga mambo. Mjomba ni mdogo wake marehemu, mtu wa sauti, mwenye kupenda jambo lionekane. Alitaka turubai mbili, viti mia tatu, chakula cha siku tatu, na gari la kukodi la kwenda makaburini. Alitaja kila kitu huku akikunja vidole. Alipomaliza vidole akamgeukia mpwa wake.

"Nasikia wewe una kadi ya benki."

"Ninayo, mjomba."

"Basi. Mzazi hazikwi mara mbili. Kuna laki ngapi humo?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaacha. Mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kidole chake cha shahada, kile chenye ufa, kikisugua mshono wa sketi. Najua alitaka kusema ndiyo. Aliniambia mwenyewe kwamba neno lilifika mdomoni: nani angemlaumu, na ni nani asiyetaka mama yake asindikizwe vizuri? Angemaliza kulipa mwaka uliofuata, au ule mwingine.

Akapiga moyo konde. "Humo hamna laki, mjomba. Humo mna deni. Nilimfulia mama kwa hilo deni, na alilala pakavu mpaka siku yake ya mwisho. Tutamzika kwa kilichopo mkononi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Wakichoka wataacha."

Mjomba akasimama, akavaa viatu, akakaa nje na wanaume, akiongea kwa nguvu ili asikike ndani. Kitinda mimba akamshika dada yake bega. Kaka yao akatoka, tukadhani amemfuata mjomba.

Alirudi baada ya saa moja na kigari cha mizigo. Alikuwa amebeba kila kiti kilichokuwa karakana kwake: makochi ya wateja yaliyokwisha kuvuliwa kitambaa, viti vyenye sponji tupu, vingine chemchemi zikionekana, kimoja kikubwa cha ofisi kisicho na mkono. Akavipanga uani kimoja kimoja, akavifunika kwa shuka za mama zilizofuliwa. Waombolezaji wakaketi. Mzee mmoja alizama kwenye kochi mpaka ikabidi avutwe na watu wawili kuinuka, na watu wakacheka, hata Dada Mkubwa, akiwa na macho mekundu. Chakula kilikuwa cha siku moja. Tulichanga kazini tukalipa gari. Mama akazikwa.

Mjomba hakumsemesha kwa muda mrefu. Wapo na wengine waliosema kwamba mtoto mkubwa aliufunga mkono mbele ya maiti ya mama yake. Maneno hayo yalimfikia, maana maneno hayakosi mjumbe. Yeye alikuwa bado na miezi mitatu ya kulipia mashine ambayo sasa haikuwa na kazi.

Hiyo ndiyo miezi niliyomwogopea. Aliniambia, tukiwa tunakunja, kwamba bado aliamka saa kumi na moja kasoro. Mwili ulikuwa umezoea. Alikaa kwenye kibaraza gizani kisha akaanza kufua vitu visivyo vichafu: mapazia, vitambaa vya meza, nguo za mama alizokuwa hajui azigawe kwa nani. Na kila siku ya mshahara pesa ikatoka kabla hajaiona, laki moja na nusu, kwa ajili ya shuka ambazo hakuna mtu aliyezilalia.

"Unajuta?" nilimuuliza siku moja.

Alifikiri. "Mashine sijuti. Sponji najuta kidogo. Ile fomu niliyosaini bila kusoma kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma, hiyo najuta sana."

Deni liliisha mwezi wa sita, kama kijana wa mafua alivyoandika. Hapakuwa na sherehe. Taarifa ilikuja na sifuri, akaniletea niisome kwa sauti, kisha akaitia mfukoni. Wiki ileile benki ikampigia: kwa kuwa amelipa vizuri, wanampandishia kikomo hadi laki kumi na tano. Alikuwa ameshika simu kwa bega, anafunga robota.

"Sitaki ipande. Ishusheni, iwe laki mbili."

Nilisikia mtu wa upande wa pili akishangaa, akimweleza faida.

"Nimekuelewa, mwanangu. Laki mbili."

Kadi bado anayo. Analipia umeme na maji kwayo, basi, na mshahara ukiingia analipa yote, si ule mstari mdogo. Vijana wapya wakija kazini na zile fomu za mwavulini sisi huwatuma kwake, naye huwauliza swali moja: ukiulizwa na ndugu yako kama unayo, utajibu nini? Wengi hucheka. Mmoja aliichana fomu.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alichukua likizo yake yote, siku ishirini na moja. Siku ya pili nilipita kwake saa nne asubuhi kumpelekea karatasi ya utawala ya kusaini. Mlango ulikuwa wazi. Kitinda mimba alikuwa uani na watoto wake, anawachana nywele.

"Dada yuko?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala tu. Tangu jana jioni."

Akanipa maji, nikanywa. Tukaongea habari za shule kwa sauti ya chini. Karatasi nikamwachia yeye, nikamwambia haina haraka, nikaenda zangu kazini.